Mirihi ya Nyuma ya Jiko

Foleni ya malori pale Iyunga ilinichelewesha, na nilipoingia darasani nikakuta mada imeshaandikwa ubaoni kwa herufi kubwa: JE, BINADAMU ANAWEZA KUIFANYA MIRIHI IKALIWE? Chini yake mkono mwingine ulikuwa umeongeza kwa chaki ya bluu: na choo kitachimbwa wapi?

Mimi ni mwalimu wa fizikia, mwanamke wa makamo, mkali kwa makosa ya wanafunzi na mpole kupita kiasi kwa ya kwangu. Kila Ijumaa baada ya vipindi tuna klabu ya sayansi, na midahalo yake naiendesha kwa Kiswahili kwa makusudi, maana ukiiendesha kwa Kiingereza watazungumza wawili na waliobaki watatazama dirishani. Siku ile nilianza kwa kusahihisha ubao. Nikawaambia si ikaliwe, ni ikalike. Kukalika ni mahali kufaa kwa kukaa. Kukaliwa ni mahali kuwa na mtu aliyekwisha kukaa. Nyumba inaweza kukalika na isiwe na mtu ndani, na sayari ni hivyohivyo. Nikafuta, nikaandika upya, nikajipangusa chaki nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Aliyeiandika ile mada, msichana mrefu wa kidato cha tatu, alibaki amesimama.

"Lakini madam, si ni kitu kilekile? Watu wakishakaa ndiyo panakalika."

"Wakikaa pasipo hewa watakufa."

"Basi wanakaa wengine."

Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka nao. Nikamwambia aanze yeye kwa kukaa chini.

Mdahalo ulikuwa mzuri. Upande wa kukubali ulisema barafu ya Mirihi iyeyushwe, hewa iongezwe uzito ili joto lisikimbie, kisha ipandwe mimea midogo isiyochagua mahali, kama ule ukungu wa kijani unaoota kwenye mapaa ya Tukuyu. Upande wa kupinga ulijibu kwamba Mirihi haina ngao ya sumaku kama yetu, kwa hiyo jua limekuwa likiipeperusha hewa yake kidogo kidogo tangu enzi na enzi, na hata ukiijaza leo itavuja tena. Mvulana mmoja akasema udongo wake una chumvi zenye sumu. Mwingine akasema, "Kule ni noma, hata mchicha haukubali." Mimi nilitakiwa nisiegemee upande wowote, lakini moyo wangu ulikuwa na wale wa kukubali. Mtu akiniambia kitu hakiwezekani, masikio yangu hupata joto.

Mwishoni nikauliza nani angeenda akipewa nafasi. Mikono yote ikapanda. Nikauliza tena: nani angeenda akakae hukohuko, azeeke huko, azikwe huko? Mikono ikashuka yote kwa pamoja kama nguo zilizokatikiwa kamba.

"Na wewe madam?" akauliza yule msichana mrefu.

Simu yangu ikaanza kutetemeka mezani kabla sijajibu. Alikuwa kaka yangu wa Iringa, dereva wa malori, mtu ambaye hapigi simu mchana ila pana jambo. Nikatoka kwenye korido.

"Korongo limekula banda la kuku," alisema. "Sasa linaelekea jikoni. Mama hawezi kukaa pale tena. Hapakaliki. Jiandae kumchukua, aje kwako Mbeya."

Nilikuwa bado nimeshika chaki. Neno nililotoka kulisahihisha ubaoni lilikuwa limenifuata hadi nje, na safari hii lilikuwa limetamkwa sawasawa. Nilikasirika. Sikujua nimkasirikie nani, basi nikamkasirikia kaka.

Nyumbani kwetu ni bondeni, mahali ambapo ukisimama uani unauona mji wa Iringa umekaa juu kilimani. Nyumba ni ya tofali za kuchoma, na tofali hizo zilitoka nyuma ya jiko letu. Baba alipofariki tulikuwa wadogo, na mama akaanza kufyatua tofali kwenye mteremko uleule. Udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, ulikwanguliwa kwanza ukatupwa pembeni, kwa sababu haufai kwa tofali. Mvua zikaubeba. Ule mwekundu wa chini ndio uliokandwa, ukafyatuliwa, ukapangwa tanuri na kuchomwa. Ukajenga nyumba yetu na nyumba nyingi za majirani, ukanisomesha mimi hadi chuo, ukamfikisha kaka kwenye usukani. Watu wa kwetu wakinipongeza kwa ualimu wangu huwa nashukuru, lakini najua kwamba huko Iringa kuna shimo lenye ukubwa wangu.

Mashimo yalikuwa mengi. Miaka ilivyokwenda yaliungana, maji ya mvua yakapata njia, njia ikawa korongo, na korongo likaanza kupanda mteremko kuelekea nyumbani, kila masika hatua kadhaa. Hapakuota kitu. Ulikuwa wekundu mtupu na mawe madogo, na upepo wa mwezi wa nane ukipita vumbi lilisimama. Siku moja nilipiga picha nikaionyesha darasani pamoja na picha za Mirihi, nikawaambia wachague ipi ni ipi. Nusu ya darasa walikosea.

Nilisafiri Jumamosi ile. Mama alinipokea kama alivyonipokea kila mara. Alitoka jikoni akifuta mikono kwenye khanga, akanisalimu kwa kamwene, salamu ya kwetu, akanitolea kigoda na kusema, "Pumzika." Alikuwa akisema hivyo kwa miaka mingi, kwangu na kwa kaka pia. Kuanzia tulipoondoka kwenda kutafuta maisha, tulikuwa watu wa kupumzika pale.

Kaka alikuja baada ya misa ya Jumapili. Tukasimama watatu ukingoni. Banda la kuku halikuwepo. Palikuwa na nguzo moja imening'inia na waya. Kutoka pale hadi ukuta wa jiko palikuwa na mparachichi mmoja tu katikati.

"Umeona mwenyewe," kaka alisema. "Msimu ujao mvua zikija, jiko linaondoka. Mama anaondoka kabla ya jiko."

"Mimi siyo gunia la viazi," mama alisema. "Mnanipakia nakwenda wapi?"

"Kwa mwanao, Mbeya. Ana nyumba nzuri, ana maji ndani."

"Maji ndani hata hapa yanakuja. Si ndiyo hayo mnalalamika?"

Kaka hakucheka. Alikuwa anaogopa, na woga wake ulikuwa na haki. Mwaka uliotangulia nyumba moja ng'ambo ya bonde ilishuka na mvua, na mwenyewe alikuwa amelala ndani. Nami nilimwona mama akigusa gome la mparachichi kwa kiganja, bila kuliangalia, jinsi mtu anavyomgusa mtoto aliyesimama karibu naye. Nikajisikia nasema, "Tutalizuia."

"Nani?" kaka akauliza.

"Sisi."

"Mwalimu, hili siyo somo."

Tukakubaliana hivi. Nina kiangazi kizima. Mvua zikija na korongo likavuka mparachichi, mama atahamia Mbeya bila ubishi, na mimi ndiye nitakayefunga mlango. Lisipovuka, asiguswe. Mama aliitikia kwa kichwa, akarudi jikoni kuonja maharage.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Likizo ya mwezi wa sita nilifika na nguvu zote, nikakodi mkokoteni, nikajaza shimo la juu kwa samadi na majani makavu, nikapanda maboga na kuyamwagilia kwa ndoo. Mama alisaidia ingawa hakuwa na imani. Maboga yaliota, yakatoa majani mawili mawili, yakakaa hivyohivyo yakininyanyapaa, kisha yakakauka. Nilipochimba kuangalia, nikakuta maji yote yamepita chini na kwenda zake, na samadi nusu imeondoka nayo. Niliketi ukingoni kwa hasira. Ndipo nikawakumbuka wanafunzi wangu wa upande wa kupinga, wale niliowaona moyoni kuwa watu wa kukata tamaa. Hata ukiijaza leo itavuja tena. Nilikuwa nimeifundisha Mirihi miaka yote, na shimo la mama yangu nikalijaza bila kuziba.

Kwa hiyo kwanza kuzuia, ndipo kujaza. Likizo fupi ya mwezi wa tisa nikarudi. Zilihitajika kuta za chini za kukatisha korongo, moja juu ya nyingine mteremkoni, ili maji yapunguze mwendo na kuacha yalichobeba. Mawe makubwa hatuna upande ule. Mama aliniangalia nikizunguka natafuta, akanyoosha kidole kwenye chumba cha nje, kile kilichojengwa kwa ajili ya kaka alipobalehe.

"Tofali si zile," alisema. "Zilitoka shimoni, zirudi shimoni."

"Mama, kile ni chumba cha kaka."

"Amelala humo lini?"

Nilimpigia kaka. Alikuwa na nyumba yake mjini, mke na watoto, na chumba kile kilikuwa na panya na jembe bovu. Lakini alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Mkishakibomoa, mimi hapo nitakuwa mgeni." Ningemwambia kwamba nami mgeni pia, kwamba sisi sote tunaambiwa pumzika, lakini nilihisi ingemuumiza zaidi. Nikamwambia tu korongo lilikuwa limefika wapi. Jumamosi iliyofuata alikuja na mtaimbo begani, hakumsalimu mtu, akapanda juu ya ukuta wa chumba chake na kung'oa tofali ya kwanza yeye mwenyewe.

Tulipanga kuta. Wa kwanza mama aliusimamia, akaivuta kamba iliyonyooka kutoka ukingo hadi ukingo kama anavyojenga nyumba. Nikamwambia maji hayajali kamba, yanajali kimo, na ukuta ule upande wa kushoto ulikuwa chini. Akaniambia alikuwa anajenga kabla sijazaliwa. Tukagombana kweli siku hiyo, hadi kaka akaacha kazi akaenda kuvuta sigara nyuma ya choo. Jumatatu nikapanda mjini, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la familia ya Kihindi, nikanunue mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule ambao mafundi hutia maji kupata usawa.

Mama mwenye duka, mtu mzima mwenye miwani mizito, alinisalimu kwa kamwene bila kukosea hata kidogo, akataka kujua usawa wa nini. Nikamweleza. Akataka kujua zaidi. Nikajikuta namsimulia mpaka habari za Mirihi, na yeye akisikiliza akiwa ameukunja mpira mkononi.

"Babu mkwe wangu alikuja Iringa kukaa mwaka mmoja tu," alisema. "Aliandika kwao kwamba hapa pabaya, baridi, hakuna dengu, hakuna hekalu, hapakaliki. Kila mwaka anaandika hivyohivyo. Tumemzika hapahapa."

"Na dengu?"

"Alilima."

Mpira ulimaliza ugomvi, maana maji ya ndani ya mpira hayana mama wala mwalimu. Mama aliangalia upande mmoja, akaenda kuangalia wa pili, akasema, "Haya, bomoa." Kwa ukuta wa pili na wa tatu tulizifuata alama za maji. Ule wa kwanza tuliujenga upya lakini kwa haraka, sababu mawingu yalishaanza kukaa upande wa Dabaga na mimi nilitakiwa kurudi shuleni. Kwenye kingo tukachomeka mabingobingo, majani yale ya ng'ombe, kwa kuwa hayajui kufa.

Mvua kubwa ya kwanza ilinikuta Mbeya. Nilikuwa Mwanjelwa nanunua nyanya, anga likawa jeusi upande wa mashariki, muuzaji akaanza kufunika vitu vyake kwa turubai. Kwa watu wengine ilikuwa mvua tu. Mimi nilisimama katikati ya soko na mfuko wa nyanya, napiga namba ya mama haipatikani, ya kaka haipatikani. Niliwaza mambo ya kipumbavu. Niliwaza chumba nitakachompa, na kwamba dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Niliwaza atakavyokaa kitandani asubuhi hajui aanze na nini. Nikajua pale pale, kati ya mafungu ya nyanya, kwamba sikuwa nikipigania udongo. Nilikuwa napigania mama asije akageuka kuwa mtu wa kupumzika maisha yake yote yaliyobaki.

Kesho yake asubuhi akapiga yeye.

"Ukuta wako wa kwanza umekwenda," alisema.

Nikakaa kwenye ngazi za ofisi ya walimu. "Wa kwanza ni wetu wote, mama. Na korongo?"

"Limesimama kwenye wa pili. Kaka yako amelala hapa, amezunguka na tochi kama mlinzi wa benki. Halafu sikiliza. Nyuma ya ukuta kumejaa udongo. Mweusi!"

"Umetoka wapi?"

"Wa majirani wa juu," mama alisema, akapunguza sauti kama kwamba wangemsikia. "Usiwaambie."

Nilicheka hadi mwalimu wa hesabu akatoka kuangalia kuna nini. Mvua za mwaka ule zilikuwa kali, na korongo liligonga ukuta wa pili tena na tena, likachoka. Mparachichi haukuguswa. Kaka, ambaye alikuwa ameshaniahidi gari la kuhamisha vitu, hakulitaja tena.

Haikuwa imekwisha, ilikuwa ndiyo imeanza. Mama alitaka mianzi ya ulanzi ukingoni mwote, ya kushika udongo kwa mizizi na ya kugema baadaye. Nikamletea miche kutoka Mbeya, nimeifunga vizuri kwenye gunia, nimeibembeleza safari nzima. Akaifungua, akaitazama, akanitazama.

"Hii ni ya uzio."

"Mwanzi si mwanzi, mama?"

"Mwanangu, umekaa na Wanyakyusa mpaka umesahau kinywaji cha kwenu? Huu utaukata mpaka uchoke, hautoi tone."

Aliyasimulia hayo kanisani, dukani, kila mahali, na kwa mwaka mzima nikitua stendi napokewa na watu wanaoniuliza kama nimeleta mianzi. Ya uzio tukaipanda chini kabisa, isipotee. Ya ulanzi mama aliomba kwa jirani, huyohuyo wa juu ambaye udongo wake tuliupokea. Tukaipanda kwenye kingo za mashimo, tukaitilia samadi na majivu, tukaiwekea matandazo. Msimu uliofuata ukuta wa tatu ulishikilia kunde. Uliofuata tena, maboga, na safari hii hayakuninyanyapaa; yalitambaa hadi kwenye magofu ya chumba cha kaka. Nilipiga picha nyingine nikaipeleka darasani pamoja na ile ya kwanza. Niliwaambia ni mahali pamoja. Wakabisha.

Darasani mdahalo haukuisha. Kila mwaka klabu iliurudia, na kila mwaka mimi niliuona kwa jicho tofauti. Zamani nilikuwa naipenda ile sehemu ya mwanzo, roketi, vioo vya kuyeyusha barafu, mambo makubwa. Sasa nilikuwa nauliza maswali ya mteremko. Hewa mtaizuia na nini kabla hamjaileta? Ukuta wa kwanza ukienda, wa pili uko wapi? Nani ataamka kuangalia? Wanafunzi wengine waliona nimekuwa mchoshi. Lakini sikuhamia upande wa kupinga. Naamini mpaka leo kwamba binadamu anaweza, kwa vizazi vingi na makosa mengi, kuifanya Mirihi ikalike, kwa sababu nimeona mwanamke mmoja, binti yake mwenye kelele na mwanawe mwenye mtaimbo wakiyageuza mashimo yao wenyewe. Ninachokataa ni ile mikono inayopanda haraka. Wengi wanaotaka kwenda Mirihi wanataka kuondoka tu, na mtu anayetaka kuondoka hajengi ukuta wa pili. Na aliyeharibu kwao aanze kwao. Hilo nalisema bila kumficha mtu, maana nimesomeshwa na shimo.

Mwaka wa tatu mianzi ile ilikuwa imenipita kimo, na mama alikuwa ameanza kuhesabu miezi hadi mvua, wakati ambapo chipukizi changa hukatwa ncha na ulanzi huanza kudondoka. Ulanzi una masharti yake. Ukishaanza kuugema, asubuhi na jioni lazima ushuke na kisu chako ukakate kijisehemu chembamba juu ya jeraha la jana. Ukiruka, mwanzi unajifunga na hautoi tena. Ndiyo maana kwetu mtu mwenye mianzi yake hutamwona safarini wakati wa mvua. Ukimwalika harusi ya mbali atakutumia zawadi.

Mwezi wa tisa mama alianguka kwenye mteremko. Hakuvunjika, lakini goti liliumuka, na daktari wa mjini akamwambia kwa upole kwamba miteremko kwake basi. Kaka akapiga simu. Hakuwa mkali kama mara ile.

"Pamekalika sasa, mwalimu, nakubali," alisema. "Mmeshinda. Lakini nani akae? Mimi wiki hii niko Tunduma, ijayo niko Dar. Mianzi inataka mtu asubuhi na jioni. Kuta zinataka mtu. Tukimwacha peke yake atashuka, unamjua. Akishuka ataanguka. Mchukue tu."

Alikuwa na haki, kama siku zote. Nilikwenda nikamkuta mama amekaa uani, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaitazama mianzi yake kwa mbali. Hakulalamika. Alisema tu, "Nitakuja Mbeya. Ulikuwa umeshinda, lakini nitakuja." Na hiyo ilinikata kuliko ubishi wake wote, kwa sababu alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufunga mizigo.

Nilirudi Mbeya siku hiyohiyo. Njia nzima, kutoka Mafinga hadi Makambako hadi Igawa, nilikuwa nalisikia lile swali la darasani ambalo simu iliniokoa nisilijibu. Na wewe, madam? Miaka yote hiyo nilikuwa nimewapima wanafunzi kwa swali ambalo mwenyewe nilikimbilia nalo kwenye korido. Binti yangu ameolewa, nyumba yangu ya Iyunga nakaa peke yangu, mimi na redio. Naipenda Mbeya. Naipenda baridi yake, parachichi zake, kelele za Mwanjelwa, na wanafunzi wangu wenye midomo. Hakuna mtu aliyenilazimisha. Nilishuka kwenye basi nikiwa nimeshaamua, na Jumatatu nikaomba uhamisho.

Ijumaa yangu ya mwisho klabu ilichagua mada ileile, kwa kuniaga. Yule msichana mrefu alikuwa sasa kidato cha sita, ndiye mwenyekiti. Alisimama ubaoni na kuandika polepole, huku akinitazama kwa pembe ya jicho: JE, BINADAMU ANAWEZA KUIFANYA MIRIHI IKALIWE? Akanipa chaki nisahihishe. Niliipokea, nikaitia mfukoni.

Nilifika nyumbani mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili, mvua zikiwa zimeshaanza, kwenye lori la kaka. Alikuwa amelileta hadi Mbeya mwenyewe, lile alilotaka zamani limbebe mama, na sasa lilikuwa na kitanda changu, sanduku za vitabu, sufuria na redio. Mama alichechemea hadi mlangoni akifuta mikono kwenye khanga. Akatazama kitanda kikishushwa. Akatazama sanduku, moja baada ya nyingine, hadi lori likawa tupu.

"Vyote hivi?"

"Vyote, mama. Naanza shule ya hapo juu Januari. Kisu kiko wapi? Jua linazama na mianzi haijakatwa ncha."

Aliingia ndani, akatoka na kigoda, akakiweka chini ya mparachichi mahali anapokaa yeye kila siku, akakipangusa kwa ncha ya khanga.

"Kaa," alisema.